Kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine: jibu kwa aliyeuliza kuhusu mzee wake

Assalamu alaykum. Ndugu yetu wa Wete, Pemba, ameuliza kwa nini baba yake, mwenye umri wa miaka 58, amepangiwa kipimo cha moyo cha mazoezi Dar es Salaam ilhali kipimo cha umeme wa moyo alichofanyiwa akiwa amelala kilitoka safi, na vipi mzee ajitayarishe. Mimi niko Unguja, na nilifanyiwa kipimo hicho baada ya kulalamika kuwa kifua kinanibana kila nikipanda ngazi, hivyo nitaeleza niliyoyapitia na niliyofahamishwa na madaktari wangu.

Moyo uliopumzika haudai damu nyingi, na mshipa uliosinyaa unaweza kuutosheleza bila ya kuonesha alama yoyote. Ni mfano wa bomba la mtaa lililoingia kutu: usiku, nyumba moja ikifungua, maji hutoka vizuri, lakini asubuhi mtaa mzima ukichota ndipo upungufu unapojulikana. Kwa hivyo majibu safi ya kitandani na agizo la kutembea kwenye mashine havipingani.

Katika matayarisho, jambo ninaloliona zito kuliko yote ni dawa. Wazee wetu wengi wenye presha hutumia dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kama atenololi na bisoprololi, na dawa hizi zinaweza kuyazuia mapigo yasifike kiwango kinachotakiwa, kipimo kikamalizika bila ya jibu la kutegemewa. Baadhi ya madaktari huagiza zisimamishwe siku moja au mbili kabla, na wengine huagiza ziendelee, hasa pale wanapotaka kujua kama dawa inamtosha mgonjwa. Uamuzi huo ni wa daktari. Mzee asiziache kwa shauri la mtu wa barazani, wala kwa shauri langu, kwani kuziacha ghafla kunaweza kuzidisha maumivu ya kifua na hata kuleta shambulio la moyo.

Achukue vikasha vya dawa zote anazotumia, pamoja na za pumu na kisukari, na hata vidonge vya kuzuia kutapika atakavyomeza botini wakati wa kuvuka mkondo wa Nungwi. Vilevile, na mniwie radhi kwa kulisema hadharani, aseme kama anatumia vidonge vya nguvu za kiume. Mgonjwa akishikwa na maumivu ya kifua juu ya mashine huenda akawekewa dawa ya nitrati chini ya ulimi, na dawa hiyo ikikutana mwilini na vidonge hivyo inaweza kuishusha presha kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Mzee ataona haya kulisema mbele ya mwanawe, kwa hivyo wewe uliyemsindikiza toka nje kidogo, umwache na daktari.

Mimi niliagizwa niache kahawa, chai na soda za kola tangu siku iliyotangulia, nisivute sigara, na nisile chochote katika saa chache za mwisho. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu insulini yake, kwa sababu kuchoma kiasi kilekile cha dawa bila ya kula kisha kufanya zoezi kunaweza kuiangusha sukari. Ikiwa tarehe imeangukia Ramadhani, aulize kama inaweza kusogezwa. Avae suruali nyepesi na viatu vya raba, makubadhi hayafai. Kina mama nao waache buibui refu pembeni wakati wa kutembea, na wanaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamke.

Chumbani hunyolewa malaika ya kifuani inapohitajika, vikabandikwa vibandiko vyenye nyaya, na presha hupimwa kila baada ya muda. Utaratibu unaotumika sana ni ule wa daktari Robert Bruce wa Marekani, unaoanza kwa mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa juu ya mwinuko wa asilimia 10, kisha kasi na mwinuko vikaongezwa kila baada ya dakika 3. Mwinuko ulinichosha kuliko kasi, ingawa nyinyi wa Pemba mliozoea vilima huenda msiujali. Kwa kawaida hukusudiwa kufika asilimia 85 ya mapigo yanayopatikana kwa kutoa umri katika 220. Kwa mzee wako ni takriban mapigo 138 kwa dakika. Lakini asishindane na namba hiyo. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka au pumzi ikimwishia, aseme papo hapo, maana dalili hizo ndizo zinazotafutwa, na anayezificha kwa kujikaza anaharibu kipimo chake mwenyewe.

Majibu yakionesha kasoro, msichukulie kwamba mshipa umeziba, kwani kipimo hiki hukosea wakati mwingine, na kwa wanawake zaidi. Huenda akatakiwa apigwe picha ya mishipa ya moyo. Yakitoka mazuri, na bado kifua kinambana, arudi kwa daktari vilevile. Aende na mchoro wake wa mwanzo wa umeme wa moyo ili ulinganishwe na mpya, na aombe nakala yenye dakika alizotembea, mapigo na presha aliyofikia, kwani daktari wa Pemba atakayeendelea naye atazihitaji.