Maswali ya Wasomaji: Mlima Mgeni, Mkono Uleule

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka wa tisa huu nachora mandhari kwa rangi za mafuta. Nimepata residensi (nafasi ya msanii kukaa na kufanya kazi ugenini) ya wiki sita huko Norwe, kuanzia katikati ya Agosti. Siku ya mwisho wasanii wote hufungua milango na wenyeji wa mahali huingia kutazama kazi. Tangu nilipoona picha za ile milima na maji nimeingiwa na woga. Naogopa nitarudi na postikadi tupu. Nianzie wapi? Na je, rangi za mafuta zitawahi kukauka?
– Z.

JIBU: Marahaba, Z., na hongera. Afadhali wewe unayekwenda na woga. Mimi nilikwenda kifua mbele.

Nilikaa Norwe miezi miwili, Mei na Juni, katika nyumba ya wasanii kando ya ghuba nyembamba. Dirisha langu lilitazamana na maporomoko ya maji ng'ambo. Siku ya kwanza, hata begi sijalifungua vizuri, nikatoa turubai kubwa kuliko zote nilizobeba, sentimita 100 kwa 120, nikayavamia maporomoko yale. Nilipigana nayo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili mchongaji wa chumba cha pili akaja kuazima kisu, akaitazama turubai, akaniuliza kwa adabu kabisa: hapa ni wapi? Maporomoko yenyewe yalikuwa yananguruma nyuma ya mgongo wake.

Nilikasirika, halafu nikaketi nikatafuta kosa. Lilikuwa hewani. Tangu ujana mkono wangu umezoea kwamba mlima wa mbali hufifia na kuwa wa buluu, kwa kuwa kati yako na mlima kuna unyevu na vumbi. Kule, mvua ikishapita, hewa hubaki safi kiasi kwamba mlima ulio mbali sana unasimama mweusi, kingo zake kali, kama uko uani. Mimi nilikuwa naupaka ubuluu ambao haukuwepo. Kijani nacho nilikitoa kwenye tyubu moja kwa moja, kumbe misonobari ile inakaribia weusi. Nilikuja kuipata baadaye kwa kuchanganya nyeusi na njano. Macho yalikuwa Norwe, mkono bado haujafika.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse turubai. Kata karatasi nene ukubwa wa kiganja, zipake gundi au jeso ili zisinyonye mafuta, utoke nazo. Usichore mlima. Weka mabaka matano au sita tu: rangi ya maji, ya mwamba ulioloa, ya mbingu pale inapogusana na mti. Nyuma andika tarehe, saa na upepo. Mchoraji Mwingereza John Constable alifanya hivyo alipochora mawingu kule Hampstead, London, mwaka 1821 na 1822. Yule alijua wingu la saa tano si la saa saba. Mchoraji Mfaransa Pierre-Henri de Valenciennes naye, mwaka 1800, alishauri mchoro wa nje usizidi muda wa saa mbili, na ule wa jua kuchomoza au kuzama uishie nusu saa, kwa sababu baada ya hapo unachora mwanga mwingine. Kwa kaskazini ningemlegezea kidogo. Jua halipandi utosini, linapita pembeni, na machweo yake yanajikokota. Ila msimu wako una haraka yake: katika wiki zako sita mchana utapungua kwa zaidi ya saa tatu. Kivuli ulichokizoea saa fulani mwezi Agosti, mwishoni mwa Septemba hutakikuta.

Kisha chagua mahali pamoja, tena pasiwe pale wageni wanapopigia picha, uparudie mpaka pakuchoshe. Hapo ndipo utakapoanza kupaona. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alikwenda Bordighera, Italia, mwaka 1884 akinuia kukaa wiki tatu. Akakaa karibu miezi mitatu, na barua zake zimejaa manung'uniko juu ya mitende. Mwaka 1895 alikuwa hukohuko Norwe unakokwenda, na mlima mmoja tu, Kolsaas, aliuchora mara kumi na tatu. (Alikwenda wakati wa theluji. Wewe shukuru.)

Kuhusu kukauka: rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Inavuta oksijeni na kugeuka ngumu taratibu, na baridi huichelewesha. Paka nyembamba. Rangi za udongo, hasa kahawia iitwayo amba, huwahi; nyeupe ya titani hukawia. Ukichanganya na alkidi, kichanganyio cha kuharakisha kukauka, tabaka jembamba hukamatika kwa siku moja hivi. Brashi ya mwisho yenye rangi nzito iwe wiki mbili kabla ya safari. Tapentaini usiipakie kwenye ndege, haikubaliki, nunua huko. Turubai ukizikunja, upande wenye rangi uwe nje.

Na ile siku ya milango wazi: turubai kubwa niliigeuza uso ukutani, nikabandika vipande vyangu arobaini na vitatu. Mzee mmoja aliyezaliwa pale akavipitia kimoja kimoja, mikono nyuma. Akasimama kwenye kimoja, akaomba kukigeuza, akasoma nyuma, akatikisa kichwa. Hii si ya saa 2, akasema, saa 2 mchana kivuli cha mlima huu kinakuwa upande mwingine. Hii ni ya asubuhi. Ilinichukua dakika nzima kuelewa. Nilikuwa nimeandika saa kwa Kiswahili. Ilikuwa saa 2 asubuhi kweli.