Maswali ya Wasomaji: xmllint imeikataa skima yetu ya slaidi

SWALI: Hapa Uyole, Mbeya, tunaandaa masomo ya wakulima wa viazi kwa DocBook Slides, muundo wa XML wa kuandikia slaidi, ili faili moja litoe slaidi za projekta na kijitabu cha kuchapa. Tatizo ni kwamba kila afisa ugani anaandika apendavyo: huyu anajaza visanduku vya sidebar, yule anapanga hoja kumi na mbili kwenye slaidi moja. Nimeandika skima (faili la kanuni za muundo) ya kuwabana, viazi.rnc, lakini xmllint, programu ya kukagua XML, inajibu: "Start tag expected, '<' not found". Nimekosea wapi?

JIBU: Huenda skima yako haina kosa. xmllint inasoma RELAX NG, lugha uliyoandikia skima, iliyoandikwa kwa XML tu, yaani .rng. Ukiipa .rnc, ambayo ni mwandiko wa mkato, inatafuta alama ya < mwanzoni na kuikosa. Igeuze kwanza kwa trang, programu ya kugeuza skima:

trang viazi.rnc viazi.rng
xmllint --noout --relaxng viazi.rng somo.xml

Trang hutoa faili la .rng kwa kila skima iliyojumuishwa, kwa hiyo ukihamishia kompyuta nyingine, beba yote. Rahisi zaidi ni kutumia mkaguzi mwingine, jing -c viazi.rnc somo.xml, isiyohitaji kugeuza chochote.

slides.rnc yenyewe, skima ya DocBook Slides, usiiguse. Faili lako liwe fupi:

include "slides.rnc" {
  db.sidebar = notAllowed
}

Kilichomo ndani ya mabano hufuta kanuni ya awali na kukaa mahali pake. Ukikosea jina humo, jing inalalamika papo hapo, maana haioni cha kufuta. Nje ya mabano ndiko kwenye mtego: jina lililokosewa linazaa kanuni mpya isiyotumika popote, ukaguzi unapita, nawe unadhani umebana. Na kanuni iliyopo ukiirudia huko kwa = badala ya |= (inayoongeza chaguo juu ya kanuni iliyopo), utaambiwa imefafanuliwa mara mbili.

Hoja kumi na mbili zinataka dawa nyingine. RELAX NG haina maxOccurs (kikomo cha idadi) kama XML Schema, lugha nyingine ya skima; ina alama za ?, * na + tu. Kuhesabu mwachie Schematron, lugha ya kanuni za ukaguzi wa XML:

<s:ns prefix="db" uri="http://docbook.org/ns/docbook"/>

<s:rule context="db:itemizedlist">
<s:assert test="count(db:listitem) &lt;= 5">Hoja zimezidi tano, gawa slaidi.</s:assert>
</s:rule>

Ndani ya test andika &lt; wala si <, la sivyo faili lenyewe halitasomeka. Ukiandika itemizedlist bila db:, kanuni haitagusa orodha yoyote na kila somo litapita, hata lenye hoja ishirini. Ndiyo maana jaribu kwanza somo lenye hoja sita makusudi. Lisipokataliwa, angalia viambishi kama db:.

Mjanja atazigawa hoja zake katika orodha mbili ndani ya slaidi ileile. Huyo mbane kwa kuweka foil (elementi ya slaidi moja) kwenye context, kwa kiambishi kinacholingana na xmlns (tamko la nafasi-jina) ya foil katika masomo yenu, kisha uhesabu .//db:listitem.