Usiutaje mmea-mtungi kwa kutazama mtungi mmoja

Mwaka wa kwanza niliamini nina aina mbili za nepenthesi, yaani mimea-mitungi inayonasa wadudu, barazani kwangu Tanga. Mitungi ya chini, iliyokaribia udongo, ilikuwa minene, ina mbawa mbili hafifu, na kikono chake, ule uzi unaotoka kwenye ncha ya jani, kimeshika upande huohuo wa mbawa. Ya juu ilikuwa myembamba, haina mbawa kabisa, na kikono kimejiviringa kisha kikaingilia kwa nyuma. Siku moja nikafuata shina kwa kidole kutoka juu hadi chini. Mmea ni mmoja! Tena nilikuwa nimeshampa jirani kipandikizi cha hiyo "aina ya pili", ikabidi nirudi kumweleza.

Kwa hiyo kabla hujauliza jina, piga picha mtungi wa chini na wa juu, mdomo wake, kifuniko, na pale jani linaposhika shina. Wangu umebanwa kiunoni, kama Nepenthes ventricosa wa Ufilipino. Lakini si ventricosa halisi, ni ventrata, chotara wa ventricosa na spishi nyingine, alata, anayeuzwa sana madukani.

Nepenthesi wa spishi mbalimbali huzaana kwa urahisi, na kila mmea ni dume au jike. Chotara wa wazazi wanne huwezi kumtambua kwa macho. Tunza lebo, mama huandikwa kwanza. Ikipotea, andika "chotara, wazazi hawajulikani". Jina la kubahatisha husafiri na kila kipandikizi unachogawa.

Sasa maji. Huku pwani visima vingi vina chumvi, na ncha za majani yangu ziliungua mpaka nilipoanza kukinga maji ya mvua. Napandia makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, yamechanganywa na vipande vya mkaa, bila samadi hata chembe. Lakini muulize anayekuuzia: makumbi yaliyofukiwa ufuoni kwa ajili ya kamba yamejaa chumvi ya bahari. Mimi hata yale makavu huyaloweka siku kadhaa, nikibadilisha maji kila asubuhi.

Joto letu linawafaa ventrata, na pia spishi za mirabilis na ampullaria. Wale wa milimani wanataka usiku wa baridi. Hao wajaribiwe na walioko Lushoto.

Ndugu zao wa porini walio karibu nasi wako Madagaska na Shelisheli. Tafadhali, msinunue mche uliong'olewa msituni. Ventrata hushika vizuri kwa kipandikizi cha shina, na mimi kila ninayempa, nampa na lebo yake.