Kwaya Safarini: Maswali ya Wasomaji

Msimu wa safari za injili mikoani umekaribia, na barua za kwaya za Dar es Salaam zimetujia kwa wingi. Tumechagua tano. Majina ya waandishi na ya sharika zao tumeyaacha.

Bwana Yesu asifiwe. Kwaya yetu ya vijana ina watu 31. Tumealikwa kuhudumu siku nne katika usharika wa kijijini, wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa. Wazee wa kanisa wanasema tukodi Coaster moja, watu na vyombo humo humo. Tuanzie wapi?
*Katibu wa kwaya, Tabata*

Amina, katibu. Anzeni kwa kupunguza watu. Tunajua linauma, lakini hesabu ya viti haina huruma. Tuchukulie Coaster yenye viti 29 vya abiria. Spika moja ya inchi 15 ikisimamishwa ndani inakula nafasi ya mtu na zaidi, na mnazo mbili. Ongezeni kinanda ndani ya mkoba wake, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), stendi, sanduku la nyaya na jenereta: hapo viti vitano vya nyuma vimekwisha. Vinabaki 24. Toeni kimoja cha dereva wa pili (safari hii ni ya siku nzima, dereva mmoja hatoshi), kimoja cha mwinjilisti na vitatu vya wapiga vyombo. Waimbaji ni 19.

Kumi na tisa ni kwaya kamili. Wagawanyeni sita sauti ya kwanza, watano ya pili, wanne ya tatu na wanne ya nne. Sauti ya kwanza iwe na wengi kwa sababu ndiyo inayobeba wimbo, na uwanjani ndiyo msikilizaji anayoishika. Sauti ya tatu hupenya yenyewe. Ukiweka saba wanaifunika kwaya nzima. Msichague kwa ukongwe wala kwa michango. Chagueni anayejua nyimbo zote bila kushika karatasi, na mtangaze majina miezi miwili kabla ili manung'uniko yaishie Dar, yasipande gari.

Msikubali kufunga vyombo kwenye keria ya juu. Mkishaacha lami mnaingia barabara za vumbi, na vumbi likishaingia kwenye vitelezi vya mikisa hamtalitoa kwa kitambaa. Kama lazima watu waongezeke, kodini gari dogo la pili la vyombo.

Kuhusu gari lenyewe, daladala ya mtaani ina leseni ya njia yake tu. Mwenye gari achukue kibali cha LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini) cha safari ya kukodi na awaonyeshe karatasi kabla hamjalipa fedha zote. Ombeni pia nakala ya bima, mhakikishe inahusu abiria. Siku mbili kabla ya safari, mtu wenu mwenye macho akague tairi zote, ikiwamo ya akiba, na mikanda ya viti vyote.

Barua ya kwanza iandikwe na mchungaji wenu kwenda kwa mchungaji mwenyeji, wiki kumi na mbili kabla, ikitaja idadi ya watu, wanaume wangapi na wanawake wangapi, siku za kufika na kuondoka, na mnachohitaji. Kama mtaimba uwanjani, sheria inataka taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo angalau saa 48 kabla ya mkutano. Taarifa hiyo aipeleke mwenyeji. Yeye anajulikana kwa mtendaji wa kijiji na kituoni. Ninyi ni wageni. Mbaki na nakala yenye muhuri, kwa sababu siku ya mkutano ndipo mtu atakapokuja kuuliza mmeruhusiwa na nani.

Tarehe nayo ina maana. Kule mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na ni majira ya shamba. Nendeni Julai hadi Septemba, watu wakiwa wamevuna. Mbebe masweta, maana baridi ya Julai huko si ya mchezo.

Kutoka Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Mkiondoka saa 11 alfajiri, mtapita Chalinze, Morogoro, hifadhi ya Mikumi (mtu asishuke garini hapo hata kwa haja ndogo, shukeni kabla) na mlima Kitonga. Wanaotapika wakae mbele tangu mwanzo, wasingoje kona za Kitonga. Siku ya kufika msipange kuimba. Shusheni vyombo, salimieni wazee, mle, mlale.

Mimi ni mpiga kinanda. Mkutano uliopita tulitumia jenereta ndogo. Kila mpiga besi alipokaza, kinanda kilizima na kuwaka upya katikati ya wimbo. Tena spika zilikuwa na mvumo mzito muda wote. Fundi mmoja alitushauri tukate mguu wa ethi kwenye plagi. Tufanyeje?
*Mpiga kinanda, Mbagala*

Kwanza hilo la ethi: msikate. Msikate hata kama mvumo unaisha. Mguu ule ndio unaorudisha umeme ardhini amplifaya ikipata hitilafu. Ukiukata, umeme uliovuja unapanda kwenye ganda la chuma la mikisa, unafuata waya wa maiki, na anayeupokea ni mwimbaji aliyegusisha midomo kwenye chuma cha maiki huku amesimama peku kwenye nyasi zenye umande. Plagi iliyokwisha kukatwa itupeni, mfunge mpya.

Mvumo una chanzo chake, tena mara nyingi ni hiki: kinanda kimechomekwa soketi ya upande mmoja wa jukwaa, mikisa soketi ya upande mwingine, na kati yao kuna waya wa sauti. Umeme umepata njia mbili za kwenda ardhini, sasa unazunguka ndani ya waya wa sauti. Chomekeni vyombo vyote kutoka sehemu moja: ekstensheni kuu moja kutoka kwenye jenereta, na zote ndogo zianzie hapo. Nyaya za umeme zipite upande wake na za sauti upande wake. Zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba, zisilale sambamba. Mvumo ukibaki, tafuteni kisanduku cha DI, yaani cha kuunganishia chombo na mikisa, mkiweke kati ya kinanda na mikisa. Kinauzwa kwenye maduka ya vyombo vya muziki Kariakoo, na kina kitufe cha kukata ethi ya waya wa sauti peke yake. Hicho ni salama.

Sasa kuzima. Noti nzito ya besi huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Jenereta ndogo inashindwa, volti zinashuka kwa sekunde moja, na adapta ya kinanda haivumilii. Spika hazizimi, ndiyo maana watu wanadhani kinanda ni kibovu.

Pigeni hesabu hivi. Spika mbili kubwa zenye amplifaya ndani, hata zikiandikwa wati 1,000, kwa muziki wa kawaida zikadirieni wati 300 kila moja. Monita (spika ya kuwarudishia waimbaji sauti zao) 200, amplifaya ya besi 300, mikisa na kinanda pamoja 100. Jumla 1,200. Jenereta ya kVA 3 (kipimo cha ukubwa wa jenereta) inatoa kama wati 2,400, yaani mara mbili ya mahitaji, na nafasi hiyo ndiyo inayomeza ule mvuto wa ghafla. Ya kVA 1 haifai, hata mwenye nayo akiapa.

Kuna jambo ambalo watu wa Dar hawalikumbuki kwa sababu sisi tuko usawa wa bahari. Injini ya petroli hupoteza kama asilimia 3 hadi 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mji wa Iringa, kwa mfano, uko karibu mita 1,600. Ile ya wati 2,400 iliyofanya kazi vizuri Mbagala, kule inabaki na takriban 2,000. Hesabu yenu iwe ya kule mnakokwenda.

Namna ya kuwasha: vyombo vyote vikiwa vimezimwa, washeni jenereta, iachwe iungurume dakika tatu. Kisha kinanda na mikisa, mwisho spika na amplifaya. Kuzima ni kinyume, spika kwanza. Jenereta ikae mita 30 hivi kutoka jukwaani, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake, na kamwe isiwe ndani ya jengo wala chini ya dirisha, maana moshi wake unaua bila harufu kali ya kumshtua mtu. Waya wa ekstensheni uwe wa milimita za mraba 2.5. Kama ni wa kuzungusha kwenye gurudumu, ukunjueni wote hata kama umbali ni mfupi: waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto, ukitumika saa mbili unayeyuka ngozi.

Kwa mzigo huo jenereta inakula kama lita moja hadi moja na nusu ya petroli kwa saa. Mazoezi na mkutano ni saa nne kwa siku, hivyo siku tatu ni lita 18 za kuandaa. Msipande na petroli ndani ya gari la abiria. Mwombeni mwenyeji ainunue kabla hamjafika, mkamrudishie fedha, na tangi la jenereta litolewe mafuta yote kabla ya kupakiwa. Wakati wa kuongeza mafuta, zimeni na msubiri dakika kumi ipoe.

Na muwe na nyimbo nne mnazoweza kuimba kwa ngoma na kayamba tu. Jenereta ikigoma, mkutano unaendelea.

Siku ya pili ya mkutano sauti yangu hukauka kabisa, siku ya tatu nabaki nanong'ona. Wenzangu wananipa tangawizi na limau. Ninakosea wapi?
*Mama wa sauti ya pili, Kimara*

Pole, mama. Tangawizi haina ubaya, lakini haigusi tatizo. Uwanjani hakuna kuta za kurudisha sauti, hujisikii, kwa hiyo unapiga kelele bila kujua. Dawa yake ni monita moja iwatazame waimbaji, na spika kubwa ziwe mbele ya mstari wa maiki. Spika zikiwa nyuma ya maiki, maiki zinapiga mluzi, fundi anashusha sauti, nanyi mnakaza zaidi.

Maiki mbili za kwaya zisikaribiane. Kama mwimbaji yuko sentimita 40 kutoka kwenye maiki yake, maiki inayofuata iwe angalau sentimita 120 kutoka hapo. Na msiishike kichwani kwa kiganja. Ndiko mluzi unakotoka.

Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku, maana hewa ya baridi ya nyanda za juu ni kavu kuliko ya pwani. Usingoje kunywa hadi zibaki dakika tano upande jukwaani. Sauti ikianza kukwaruza, nyamaza. Kunong'ona nako kunachosha koo, usikuchukulie kama mapumziko. Na zile nyimbo za ndani ya gari, saa kumi mfululizo, ndizo zinazomaliza kwaya nyingi kabla ya kufika. Imbeni moja ya kuanza safari na moja ya kufika.

Sadaka inayotolewa mkutanoni ni ya nani? Na chakula chetu ni juu ya nani?
*Mhazini, Kigamboni*

Sadaka ni ya mwenyeji, mhazini. Kama mmekubaliana mgawanyo, uwe umeandikwa kwenye ile barua ya mwanzo, usiletwe usiku wa mwisho bakuli likiwa mezani. Nauli, mafuta na posho ya madereva viwe vimekamilika kabla ya kuondoka Dar. Kwaya inayosafiri ikitegemea sadaka ya kijiji ndiyo inayoishia kuomba mchango wa kurudi nyumbani, na hilo linamwaibisha mchungaji aliyewaita.

Chakula, msimwachie mwenyeji. Usharika mdogo utachinja mbuzi na kukopa mchele kwa ajili yenu, kisha mtaondoka na deni litabaki. Kwa watu 25, madereva wakiwamo, mlo mmoja ni kilo 4 za mchele, au kilo 5 za unga wa ugali, pamoja na kilo 2 za maharage makavu. Maji ya kunywa lita 75 kwa siku, ya chupa au yaliyochemshwa. Pelekeni mchele, mafuta na sukari kutoka Dar. Mboga, maharage na kuku nunueni kijijini kwa fedha taslimu, ili safari yenu iwafae na wasiosali nanyi. Mwenyeji akisisitiza kuwakaribisha mlo mmoja, kubalini kwa moyo mmoja na msilete sufuria zenu siku hiyo. Kukataa ni kumdharau.

Binti yangu ana miaka 16 na kwaya inamchukua safari ya siku tano. Niulize nini kabla ya kuruhusu?
*Mzazi, Ubungo*

Uliza mtu mzima wa kike anayemsimamia ni nani, kwa jina na namba ya simu, na analala chumba kipi. Wasichana walale jengo moja na wasimamizi wawili, wasigawanywe mmoja mmoja kwenye nyumba za waumini hata kama ni nyumba za wazee wa kanisa. Asipelekwe popote na mtu mmoja peke yake, awe mwalimu wa kwaya au mwinjilisti. Andika barua ya ridhaa yenye dawa anazotumia, mzio wake na namba mbili za simu, na apewe nakala ya kadi yake ya bima ya afya. Mpe pia simu yenye salio lake mwenyewe. Kiongozi akijibu maswali haya kwa hasira, binti abaki nyumbani.