Kabla hujamlipa mtu wa websaiti, soma hii

Wiki iliyopita kuna dada anashona mapazia Mbagala kanitumia meseji, "kaka nataka websaiti ya biashara, kuna kijana anasema nimpe hela atashughulikia kila kitu, nimpe?" Nikamjibu dada yangu usitoe hata mia mpaka ujue domeni, yaani lile jina la websaiti watu wanaloandika kuifungua, inaandikishwa kwa jina la nani. Akashangaa, yeye alidhani nitamuuliza rangi na nembo.

Mimi natengeneza vitanda na makabati Keko, na websaiti yangu ya kwanza ilienda hivihivi naiona. Jamaa aliyenitengenezea aliandikisha domeni kwa jina lake na imeili yake, mimi kila mwaka nalipa nikijua nalipia cha kwangu, siku namwambia nataka kuhamia kwa fundi mwingine ananiambia jina ni la kwake, nikilitaka ninunue. Jina la karakana yangu jamani! Limeandikwa mpaka ubavuni kwa kirikuu tunachopelekea mizigo. Inauma mpaka leo, nikikutana naye salamu natoa lakini moyo umegoma.

Kwa hiyo domeni andikisha wewe. Kwa biashara ni ile ya .co.tz, unanunua kwa wakala aliyesajiliwa, unaweka jina lako, imeili yako, nywila unakaa nayo wewe. Kama websaiti unayo tayari ingia leo WHOIS, ule ukurasa wa mtandaoni wa kuangalia usajili wa domeni, andika domeni yako uone taarifa za usajili zinasemaje. Na inalipiwa kila mwaka, ukipitiliza muda ukaendelea kulala mtu mwingine anaweza kuichukua.

Websaiti yangu ya pili nilivyoipanga ni hivi. Kabla fundi hajagusa kompyuta nilipitia meseji za zamani za wateja nikaandika kwenye daftari maswali yanayojirudia: 5 kwa 6 ya mninga bei gani, ya mkongo je, mnafikisha Dodoma, inachukua siku ngapi, niko mbali nalipaje. Hayo maswali ndiyo yakawa kurasa zenyewe, basi. Yule wa kwanza aliniwekea "dira na dhamira" na picha ya sebule ya Ulaya, sasa mteja anayetafuta kitanda dira yako inamhusu nini?

Bei weka. Najua mtasema jirani ataiona ashushe yake, mwache ashushe. Mwaka huu loji moja ya Karatu imeagiza vitanda kwangu na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga Keko, waliniambia wazi kwamba waliona bei, wakaona picha ya maungio ya kona nilivyoipiga kwa karibu, mbao na mbao bila msumari kuonekana, wakabonyeza kitufe cha WhatsApp tukamalizana. Ninajivunia ile oda kuliko zote.

Picha piga mwenyewe kwa simu, mchana, ila zipunguze ukubwa, simu inatoa picha ya MB 4 na mteja yuko kwenye bando, ishushe chini ya KB 200 ifunguke haraka.

Na ndugu zangu tuache aibu ya kuuliza mambo ya hela yetu. Mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi nywila ya domeni, ya seva (kompyuta inakokaa websaiti yako) na ya kuingilia websaiti, na umdai wakati bado kuna salio hujamlipa, maana akishapokea yote simu zako hapokei.