Usilipie hiyo oda kabla hujaweka tone la maji

Mkuu simamisha hiyo oda kwanza. Umesema unataka kujifunza kuchora kamba, wale wa majini, na vifaranga kama vya Qi Baishi, yule mchoraji wa Kichina, na muuzaji kakushauri uchukue shiti mia za karatasi ya xuan, ile ya Kichina ya kuchorea kwa wino, "iliyopikwa" eti haisambazi wino, ni rahisi kwa anayeanza. Maneno hayohayo niliambiwa mimi nikiwa nasoma Hangzhou, China, nikatoa hela ya chakula ya mwezi mzima nikabeba bunda hadi hosteli.

Miezi minne nachora kamba, kila mmoja anatoka kama kakatwa kwenye plastiki. Nikabadilisha brashi, nikabadilisha wino, nikaamini mkono wangu ndo mbovu. Kumbe iliyopikwa imepakwa maji ya shabu na gundi, hainywi wino, wino unatuama juu mpaka ukauke na kuacha ukingo mkali. Hiyo ni ya wanaochora mistari myembamba wakajaza rangi tabaka kwa tabaka. Kamba wa Qi Baishi ni maji matupu! Brashi inajaa wino mwepesi, unakandamiza unainua, pingili moja, unakandamiza unainua, pingili nyingine, halafu kichwani kabla hapajakauka unagusa wino mzito, unajipenyeza wenyewe ndani ya ule mwepesi na ganda linakuwa kama kioo. Nusu ya kazi inafanywa na karatasi. Mzee yule alianza maisha kama seremala huko Hunan, akawa anafuga kamba kwenye bakuli mezani awatazame wanavyojikunja, na kadiri miaka ilivyosonga akawa anawapunguzia mistari; alifariki 1957.

Na yule muuzaji wangu wa Hangzhou alijua kabisa nataka kuchora nini, nilimwonyesha picha kwenye simu! Mzigo umemlalia dukani, kaona mgeni, kamtwisha. Roho inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, chukua kona ya karatasi, dondosha tone moja la maji. Likinywewa na kutanuka papo hapo, hiyo ni mbichi, yaani haijapakwa shabu na gundi, nunua. Likikaa duara linang'aa kama tone la mvua juu ya jani la gimbi, rudisha, hata kama lebo imeandikwa vizuri namna gani, hata kama kakupunguzia bei.

Swali lako la brashi, ya manyoya ya mbuzi au ya kicheche, ntakuja kukujibu, we saa hizi mwandikie akutumie video ya hilo tone.