Kipengee cha orodha kinapogoma kuhaririwa katika Qt

Katika Qt (zana ya kuundia programu zenye madirisha), kipengee cha orodha huharirika pale tu mambo mawili yanapokubaliana: kipengee chenyewe kiwe na ruhusa, na orodha iwe imeambiwa ni tendo gani la mtumiaji lianzishe uhariri. Wengi hurekebisha moja, kisha hushangaa mbona hakuna kilichobadilika.

Tuanze na ruhusa. QListWidgetItem (kipengee cha orodha) huundwa bila ItemIsEditable (ruhusa ya kuhaririwa), kwa hiyo bofya utakavyo, hakitafunguka. Kwa PyQt6 (Qt kwa lugha ya Python), andika:

item.setFlags(item.flags() | Qt.ItemFlag.ItemIsEditable)

Usiiache ile item.flags() ya katikati. Ukiweka ItemIsEditable peke yake, unafuta ItemIsEnabled na ItemIsSelectable. Kipengee kinapauka na hakichaguliki tena. QTableWidgetItem (kipengee cha jedwali) na QStandardItem (kipengee cha modeli) ni kinyume: huharirika tangu mwanzo, hivyo huko kazi yako ni kuondoa ruhusa kwa & ~Qt.ItemFlag.ItemIsEditable.

Tendo hupangwa kwa setEditTriggers() ya orodha. Usipoligusa, uhariri huanza kwa kubofya mara mbili au kwa F2 (kwenye Mac ni Return). Kama programu yako hufungua faili kwa kubofya mara mbili, bakiza EditKeyPressed tu (yaani F2 au Return), la sivyo faili litafunguka na kisanduku cha kuandikia kitatokea papo hapo. SelectedClicked ni ya kuepuka: watu hubofya kilichokwisha chaguliwa bila nia yoyote.

NoEditTriggers (hakuna tendo linaloanzisha uhariri) humzuia mtumiaji, haiuzuii msimbo wako. Kitufe cha “Badilisha jina” bado kinaweza kuita editItem(item), na kwa orodha nyingi huu ndio mpangilio salama zaidi. Ila kipengee kikikosa ruhusa, utaona “edit: editing failed” kwenye terminali, basi.

Mtego mkubwa uko kwenye itemChanged, ishara ambayo orodha hutoa kipengee kinapobadilika. Ishara hiyo hutoka hata unapoita setFlags(), si maandishi yakibadilika tu. Ukifunga ruhusa ndani ya kitendakazi kinachoipokea, kitajiita bila kikomo mpaka programu ianguke. Tangulia na blockSignals(True) ya orodha, badilisha, kisha rudisha False.

Majina matupu yazuie kwenye setModelData() ya QStyledItemDelegate (kitu kinachosimamia uhariri wa kipengee): kama editor.text().strip(), yaani maandishi ya kisanduku bila nafasi za pembeni, haina kitu, rudi bila kuandika, na jina la zamani litabaki.